Hangari Niliyoibandua

Dirisha la ofisi yangu linatazama uwanja wa mpira. Ni uwanja mzuri, sina budi kusema hivyo: una nyasi zinazonyweshwa hata katikati ya kiangazi, jukwaa la zege lenye paa, vyumba vya kubadilishia nguo, na njia ya kukimbilia iliyochorwa mistari myeupe. Watu wakisikia kwamba nafundisha sanaa katika chuo chetu hiki cha Kolwezi, hudhani nauchukia. Wengine hunipa pole. Mimi nimependa mpira tangu utoto. Jumamosi timu yetu ikicheza, nafungua dirisha na kupiga kelele kama mtu asiye na shahada hata moja. Halafu mchezo unakwisha, watu wanatoka, jukwaa linabaki tupu, na macho yangu yanakwenda yenyewe kwenye kona ya ngazi, pale palipokuwa na hangari.

Hapo ndipo roho inaponisuta. Kwa miaka minne nimejiambia kwamba uamuzi ulikuwa wa komite, kwamba mashine zililetwa na kampuni, kwamba mimi ni mwalimu tu. Yote ni kweli na hayanisaidii.

Hangari yenyewe ilikuwa nyumba ya mabati iliyoachwa na mafundi wa zamani kabla chuo hakijapewa kiwanja hiki. Wakati wa mvua ilivuja, wakati wa jua ilichoma. Ndani mlikuwa na tanuri dogo, meza tatu nzito za mbao, masanduku ya mchanga na sufuria moja kubwa ya lami. Humo ndimo fundi wetu alimofundisha kupiga shaba. Kwa asiyeijua kazi hii: unachukua bamba jembamba la shaba, unalipasha moto lilainike, unalilaza juu ya lami, kisha unalisukuma kwa nyundo na vyuma vidogo, mara upande wa mbele, mara upande wa nyuma, mpaka picha inainuka. Nyumba nyingi za huku zina picha za namna hiyo sebuleni, mama na mtungi wake, swala, mchimbaji na taa yake kichwani. Kwa kuwa ziko kila mahali, hakuna anayeziangalia tena.

Fundi huyo hakuwa na diploma. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Yeye alizaliwa hapa, akajifunza kazi katika karakana ya mgodi, na alipokuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga akaambiwa, pamoja na wengine wengi wenye asili ya Kasai, kwamba hapa si kwao. Walilala siku nyingi kwenye kituo cha reli wakingoja treni. Ilipokuja walipanda, wakafika Lubudi, mtoto akazidiwa na homa, wakashuka. Alikaa huko miaka kadhaa akirekebisha sufuria na majembe ya wakulima, kisha akarudi Kolwezi bila kumwuliza mtu ruhusa. Niliwahi kumdadisi alibeba nini siku ya kuondoka.

"Mutoto, bibi, na nyundo," akasema.

Waliowatoa walikuwa watu wa upande wangu, wenyeji wa hapa. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi, sikumfukuza mtu. Lakini mzigo huo nimekua nao, na nilipokuja kuwa mwanafunzi wake nilikuwa namheshimu kwa namna ya kupita kiasi, ya mtu anayetaka kuonyesha kwamba yeye si kama wengine. Yeye alicheka tu. Mwezi wa kwanza mzima alinipa bamba lililokunjamana nilinyooshe kwa nyundo ya mbao. Nilipomaliza alilikunja tena kwa mikono yake miwili, akanirudishia. Ndivyo alivyofanya kwa kila mwanafunzi mpya. Nililia kwa hasira nyuma ya hangari, na siku iliyofuata nikaendelea.

Alinifundisha miaka yote ya masomo yangu. Nikaenda Lubumbashi kutafuta karatasi kubwa zaidi, za shahada, nikarudi nazo, nikafanywa mkuu wa idara ya sanaa. Tangu siku ile aliacha kuniita "mutoto", akaniita "Shefu", yaani mkubwa, huku akikunja mdomo pembeni ili nijue kwamba ananitania.

Tuligombana mara moja tu, kuhusu ratiba. Alikataa kabisa kufundisha mchana. Kazi yake ilikuwa ya asubuhi, tangu saa moja mpaka saa tano, basi. Baada ya hapo alikunywa chai yenye sukari ya kuua mtu, akapanga vyuma vyake, akasikiliza redio. Mimi nilikuwa na walimu wengine wanaotaka saa za asubuhi. Nikamwambia abadilike, kila mtu anabadilika.

"Shefu, muchana shaba inabeyaka bongo," alinijibu. Maana yake, mchana shaba husema uongo.

Nilimwona mbishi. Nilisema hivyo katika mkutano wa idara, na yeye alikuwepo. Mwishowe nikamwachia asubuhi zake, si kwa kumwelewa, kwa kuchoka tu.

Sasa mambo ya fedha. Makampuni ya mgodi huku hutakiwa kuwafanyia kitu watu wa mahali yanapochimba: kisima, zahanati, kipande cha barabara. Mwaka ule zamu ilikuwa ya chuo, na kampuni moja ilikubali kutujengea kitu. Kitu kimoja, walisema, si viwili. Komite ikaundwa: rekta wetu, yaani mkuu wa chuo, mama mmoja mpole aliyetumwa na kampuni, mwakilishi wa wanafunzi, na wengine wa kujaza viti. Dosie, yaani maombi ya maandishi, zilizobaki mezani mwishoni zilikuwa mbili. Idara ya michezo ilitaka uwanja. Sisi wa sanaa tulitaka karakana ya matofali, yenye tanuri salama na paa lisilovuja, mahali palepale pa hangari.

Mkuu wa michezo, jamaa mnene mwenye filimbi shingoni hata kwenye misa, alikuwa na haki yake. Timu yetu ilicheza kwenye mteremko. Mpira ukitoka, ulibiringika mpaka barabara ya malori yanayopeleka madini Dilolo, na kuna siku ulipandishwa lori ukaenda nalo. Wasichana walibadilisha nguo nyuma ya gari la rekta. Vyuo vingine vilikuja kucheza kwetu mara moja, havikurudi. Ningekuwa ndani ya komite hiyo, ningepiga kura vipi? Mara nyingi nimejiuliza, na sina hakika.

Mimi nilipeleka kurasa nane. Niliziandika adhuhuri moja, kwa Kifaransa kilichopigwa pasi, nikieleza urithi wa shaba na wajibu wa taifa. Mimi, mwalimu wa kuchora, nilipeleka kurasa nane zisizo na picha hata moja. Niliona maneno yangu yanatosha. Kiburi kilianzia hapo.

Wiki hiyohiyo jamaa wa filimbi akaja ofisini kwangu, akakaa bila kukaribishwa.

"Prof, weye njo unayuaka bitu bya mikono," akasema. "Nisaidie na maketi. Bale ba kampuni habasomake, banaangaliaka tu."

Maketi ni ule mfano mdogo wa jengo, wa kuwekwa mezani. Tazama basi: mtu aliniambia kwa kinywa chake kwamba watu wa kampuni hawasomi, wanaangalia. Mtu mwenye akili angemtoa nje kwa adabu, akafunga mlango, akaanza kutengeneza maketi ya karakana yake. Mimi nilisikia sehemu moja tu ya maneno yake, ile ya kwamba ni mimi ninayejua. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Niliifanya kwa moyo wote. Sitaki kuficha kwamba zilikuwa siku za furaha. Kwa miaka nilikuwa nimesaini karatasi na kugombania saa za walimu, na sasa mikono yangu ilikuwa na gundi tena. Nilipima kiwanja kwa hatua. Nilichekecha mchanga wa palepale ili rangi iwe ileile. Nyasi nilizifanya kwa sifongo niliyoikatakata na kuipaka rangi. Jengo la utawala niliweka mpaka madirisha yake, na la ofisi yangu nililiacha wazi kidogo, kwa mzaha.

Magoli yalinishinda. Karatasi ngumu ilipinda, kijiti kilionekana kijiti. Nikaenda hangarini kumwomba fundi.

"Ni ya nini?" akauliza.

"Maketi ya ba-sport, Tata," nikasema, maana sote tulimwita Tata, baba.

Alinitazama juu ya miwani. "Na yetu, ulishafanya?"

"Yetu iko na dosie. Kurasa nane."

Akarudi kwenye nyundo yake. Asubuhi iliyofuata aliniletea magoli mawili ya waya wa shaba, kila moja urefu wa kidole, na nyavu zake amezisuka kwa nyuzi nyembamba za shaba zilizotolewa kwenye kebo ya zamani. Ukizipuliza zinatikisika. Mpaka leo ndiyo kazi nzuri kuliko zote kwenye maketi ile, na yangu yote pembeni yake ni kazi ya shule.

Hangari niliitengeneza pia. Lazima niliseme hili waziwazi, kwa sababu baadaye nilisema kinyume. Niliitengeneza kwa karatasi ya sigara iliyokunjwakunjwa ionekane bati, na mlango wa kibiriti, na bomba la moshi. Niliibandika mahali pake. Ikakaa pale kama siku tatu.

Tatizo lilikuwa jukwaa. Katika michoro ya jamaa wa filimbi, jukwaa liliishia kabla ya hangari, limekatwa mkato wa ajabu, kama meza iliyovunjika kona. Kila nikiitazama maketi, jicho langu lilijikwaa pale. Nikisogeza jukwaa upande wa pili, linagongana na barabara. Nikilifupisha, linakuwa duni. Ila nikiliacha liendelee mpaka mwisho, mstari unatulia, kiwanja kinafunga vizuri, kila kitu kinapendeza. Kilichozuia ni kitu kimoja, ukubwa wa kibiriti.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa, mchana. Nilikuwa peke yangu. Nilichukua kisu cha karatasi, nikakiingiza chini ya hangari, nikaibandua. Nikarefusha jukwaa. Pale penye alama ya gundi nikapaka gundi nyingine, nikanyunyiza mchanga, nikasawazisha kwa kidole. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikafumba jicho moja. Mstari ulikuwa umetulia kweli. Nikasema nitamweleza jamaa wa filimbi kwamba ni kwa ajili ya uzuri tu, kwenye ujenzi wenyewe wafuate michoro. Sikumweleza. Kile kihangari sikukitupa. Nilikitia kwenye droo yangu, katikati ya penseli.

Siku ya kuamua, sisi wenye dosie tukiwa tumealikwa kusikiliza, maketi iliwekwa katikati ya meza ya komite, na kurasa zangu nane pembeni, chini ya glasi ya maji ya mtu. Mama wa kampuni aliinama juu ya magoli, akapuliza nyavu, zikatikisika, akacheka kama msichana. Kila mtu alitaka kupuliza. Rekta aliuliza nani ameifanya kazi hii, nikainua mkono nusu, kwa unyenyekevu wa uongo.

Mwakilishi wa wanafunzi ndiye aliyesema, kijana wa watu, bila nia mbaya: "Kama ba arts banaweza kufanya hii na makarto, ndani ya ile hangari, basi karakana ingine ni ya nini?"

Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Uwanja ukapita. Karakana ikaandikwa kwamba itaangaliwa mwaka mwingine. Nilipongezwa na watu wengi, mkono wangu uliuma kwa kusalimiwa. Rekta alinishika bega, akaniambia kwamba mtu kama mimi hafai kubaki mkuu wa idara tu, kuna kiti cha naibu wake kinachongoja mtu. Nakiri kwamba usiku ule nililala vizuri.

Mkataba ulisainiwa wiki mbili baadaye, asubuhi, katika ukumbi mkubwa, na wafanyakazi wote tuliitwa kupiga makofi. Maketi ilikuwa karibu na dirisha. Fundi alikuja amevaa koti lake la ibada. Nilimwona akiizunguka, mikono nyuma, kisha akainama mpaka jicho lake likawa sawa na ukingo wa meza, na jua la dirishani linamulika juu ya mchanga ule. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Nilidhani anayatazama magoli yake. Nikamwendea kwa furaha.

"Unaona, Tata? Banapenda magoli yako."

"Naona," akasema. Akainuka, akajipangusa goti.

Mashine zilikuja mwanzoni mwa kiangazi, vumbi lilipokuwa limeshaanza kukaa juu ya kila kitu. Fundi alipanda ngazi mpaka ofisini kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Shefu, kuko mashini ku mulango," akasema.

Nilishuka naye. Mhandisi wa kampuni alikuwa amesimama mbele ya hangari na karatasi zake, mtu mstaarabu, si wa kupigiwa kelele. Akanionyesha picha iliyopigwa juu ya maketi yangu. Ilikuwa imeambatishwa kwenye mkataba, na muhuri juu yake. Michoro ya mwanzo ilikuwa imerekebishwa ili ifanane nayo, kwa sababu maketi ndiyo waliyoiidhinisha wakubwa. Mahali pa hangari palikuwa na jukwaa, na mchanga laini.

"Hapa inaonyesha hakuna kitu," akasema. Akanitazama, akamtazama fundi, na nadhani alielewa kwamba kuna jambo. "Kama kuko makosa, chuo kiandike barua. Nitasimamisha kazi juma moja. Ni barua tu."

Barua tu. Barua hiyo ilikuwa iandikwe na mimi, na katika barua hiyo ilikuwa lazima niseme kwamba niliibandua hangari kwa kisu, siku ya Jumapili, kwa sababu iliharibu mstari. Ilikuwa lazima impitie rekta, mwenye kile kiti. Wanafunzi walikuwa wamesimama mlangoni na nyundo mikononi, wananingoja nifanye kitu, maana mimi ndiye shefu.

"Nitaangalia," nikamwambia mhandisi.

Alinipa mpaka kesho yake. Nilikaa ofisini asubuhi nzima mbele ya karatasi nyeupe. Nikaandika tarehe, nikaandika "Bwana Rekta", nikaichana. Nikajiambia kwamba hangari ilikuwa mbovu, kwamba chuo kitatafuta mahali pengine, kwamba wanafunzi wetu hawakuzidi ishirini na wa mpira ni mamia. Hoja zote hizo zilikuwa nzuri. Nilipozimaliza nikashuka kumwambia fundi, maana nilimwogopa yeye kuliko mhandisi.

"Tata, unisamehe," nikasema. "Wakati wa kufanya maketi, hangari nilisahabu kuiweka. Nilisahabu tu. Sasa bashasinye mukataba."

Alikuwa anafuta vyuma vyake kwa kitambaa chenye mafuta, kimoja kimoja.

"Ulisahabu," akasema.

"Njo bile, Tata," nikakubali.

"Haya." Akavikunja vyuma kwenye turubai, akafunga kamba. Nilitaka kumsaidia kubeba sanduku la mchanga, akasema mchanga uko popote, auache. Alitoka na ule mzigo wa turubai na nyundo. Siku ya tatu mabati yalikuwa chini.

Chuo kilimpa chumba, ndiyo. Kilikuwa stoo ya karatasi chini ya jengo la utawala, na baada ya juma moja wenye ofisi za juu walilalamika kwamba nyundo inawapasua vichwa. Akakatazwa kupiga. Fundi wa kupiga shaba, amekatazwa kupiga. Tukageuza somo lake kuwa la kusoma: historia ya shaba, picha kwenye ukuta. Alikaa mbele ya wanafunzi, mikono juu ya magoti, asijue la kuifanyia. Wa mwaka wa tatu walimaliza bila kugusa moto tena. Mmoja wao, binti aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wangu, alikwenda Tenke kuuza vocha za simu. Mwaka uliofuata hatukupokea wa mwaka wa kwanza, na fundi akaacha kuja. Hakuna aliyemfukuza. Hakukuwa tu na mahali pa kumweka, na mimi nilijua ni mara ya ngapi hiyo kwake.

Kiti cha naibu alipewa mtu mwingine.

Sikwenda kumtazama nyumbani. Najua mtaa wake, najua mpaka rangi ya geti. Niliahirisha mpaka Pasaka, kisha mpaka Noeli, kisha nikaona aibu ya kuchelewa imezidi ile ya mwanzo. Kuna siku nilimwona sokoni, anachagua nyanya, na mimi niligeukia muuza samaki na kuuliza bei za vitu nisivyokuwa na haja navyo mpaka alipopita. Mama muuza samaki aliniambia, "Tata, unauliza ya tatu sasa. Unanunua ao hununue?" Nikanunua.

Kiangazi kilichopita alikuja mwenyewe. Asubuhi, saa mbili, mlango uko wazi. Amekonda, lakini koti ni lile la ibada. Alihitaji cheti cha kazi, chenye saini ya mkuu wa idara, kwa ajili ya dosie yake ya pensheni.

"Jambo, Profesa," akasema.

Hakuniita Shefu. Profesa, kama mtu wa nje anavyoniita. Nilimpa kiti, nikaagiza chai, nikamwaga sukari nyingi mimi mwenyewe. Nikaanza kujaza fomu. Jina, miaka ya kazi, cheo. Nikafika penye mstari wa mahali pa kazi, kalamu ikasimama.

"Andika hangari," akasema.

Nikaandika. Alikuwa anatazama dirishani, uwanjani, ambako vijana walikuwa wanakimbia mazoezi, na jamaa wa filimbi anawafuata kwa mbali.

"Batoto banakimbia muzuri," akasema. Kisha, kwa sauti ileile: "Kale kanyumba ulitosha ku maketi, ulikatupa?"

Nilielewa kwamba anauliza habari za kihangari nilichokitoa kwenye maketi.

"Tata, mi nilikuambia nilisahabu."

"Njo bile uliniambia." Akapuliza chai. "Ile siku ya kusinye nilinama. Muchanga wa pale ulikuwa wa siku ingine."

Basi alijua. Alijua siku ya makofi, kabla ya mashine, kabla ya mhandisi. Alipopanda ngazi kuniita alijua. Nilipomwambia nimesahau, alikuwa anafuta vyuma vyake na anajua, na alingoja aone nitasema nini. Alinipa nafasi ileile aliyonipa mhandisi, nami nikaitumia kumdanganya.

Nikasema, "Ni kweli, Tata. Niliitosha na kisu. Iliharibu mustari. Na nilikuwa naogopa Rekta. Unisamehe."

Alinyoosha mkono tu, kiganja juu. Nikafungua droo, nikasukuma penseli, nikampa kihangari.

Alivaa miwani. Alikisogeza karibu na dirisha, akakigeuza kwa ncha za vidole, pole, jinsi alivyokuwa akigeuza kazi zetu tulipokuwa wanafunzi, na nikajikuta nimesimama nyuma ya kiti, mikono nimeikunja mbele, nangoja nisikie.

"Mabati uliifanya muzuri," akasema.

"Asante, Tata."

Akaendelea kukigeuza. Akagusa mlango wa kibiriti kwa kucha.

"Mulango haukukuwa huku."

"Tata?"

"Ulikuwa upande wa jua kutoka. Njo nilikuwa naona makosa yenu, asubuyi. Jua linaingia chini chini, kila nyundo inajionyesha." Akakiweka juu ya meza yangu, akavua miwani. "Muchana, hapana."

Akachukua cheti chake, akakikunja mara mbili, akaaga kwa heshima. Nilimsikia akishuka ngazi taratibu, akishikilia ukuta. Nilikuwa nimepita kwenye mlango ule miaka kumi na minne, kwanza kama mwanafunzi wake, kisha kama mkubwa wake, na nilipokaa kuutengeneza niliuelekeza kwenye dirisha la ofisi yangu.